Motokari ya Nyumbani: Tuishushe au Tuiache?

Siku hizi katika mji wetu wa Lubumbashi twaona motokari nyingine zapita zimekaa chini sana, tumbo lake karibu laigusa lami. Vijana husimama kuzitazama. Wazee hutikisa kichwa na kuulizana kama resori zimevunjika. Hazikuvunjika: zimeshushwa kwa makusudi, tena mwenyewe amelipa fedha apate jambo hilo.

Swali hili liliingia hata nyumbani kwetu, likakaa nasi majuma matatu kabla ya kupata jibu. Twaliandika hapa kwa sababu twajua ya kuwa jamaa nyingi zina motokari moja tu na matakwa mengi. Neno la namna hii likiamuliwa vibaya laweza kuleta hasara ya fedha, na uchungu baina ya wazazi na mwana wao, hata hatari ya mauti njiani. Basi yafaa lifikiriwe kwa utulivu.

Motokari yetu na kazi yake

Motokari yetu ni Toyota Corolla ya zamani. Ilitengenezwa Japani, ikatumika huko miaka mingi, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa, kama zilivyoingia nyingine nyingi za mji huu. Usukani wake uko mkono wa kuume, ingawa hapa kwetu twaendesha upande wa kuume wa njia. Lakini hayo tumekwisha kuyazoea.

Si motokari ya fahari. Asubuhi yapeleka watoto shuleni. Mara mbili kwa juma yachukua magunia ya unga mpaka duka dogo la mama wa nyumba. Dominika yampeleka nyanya wa watoto kanisani, na anaposhikwa na maumivu ya magoti ndiyo inayomfikisha kwa daktari. Kila mtu wa nyumba yetu ana haki yake katika motokari hiyo, hata yule asiyejua kuiendesha.

Ombi la kijana

Mwana wetu wa kwanza ajifunza ufundi wa motokari. Jioni moja, baada ya chakula, alisimama akasema: “Baba, Mama, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho. Nataka tuishushe motokari kidogo, sentimeta nne tu. Kwanza itapendeza macho, na ndoa ya binamu yangu yakaribia. Tena itashika njia vizuri tunapokwenda Likasi, kwa maana sasa kwenye kona yayumba kama mtumbwi. Kuna fundi atakayekata resori kwa saa moja, kwa bei ndogo. Na kama hamtaki zikatwe, tununue resori fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nusu ya fedha nitatoa mimi.”

Akaweka fedha yake mezani. Ilikuwa malipo ya kazi ndogo ndogo za likizo, alizozifanya mikono yake ikiwa myeusi kwa mafuta.

Hapo sisi wazazi tuliona ya kuwa jambo hili si mchezo. Kijana anayeomba kwa heshima, tena akileta jasho lake mwenyewe, hafai kuchekwa wala kufukuzwa kwa neno moja la ukali. Ukimjibu “Hapana” bila sababu, atanyamaza. Lakini siku nyingine hataleta shauri lake mbele yako, bali atalipeleka kwa rafiki zake barabarani. Tukamwambia: “Mwanangu, tumesikia. Tupe siku za kuuliza na kupima. Nawe uliza na upime pamoja nasi.”

Desturi hii ilitoka wapi?

Kijana alituonyesha picha za motokari zilizoshushwa huko Marekani, nasi tukataka kujua habari zake. Tulipata mambo yanayostahili kusimuliwa.

Katika nchi ya California, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wenye asili ya Meksiko walianza kushusha motokari zao. Wengine walikata resori. Wengine walitia mifuko ya mchanga katika sanduku la nyuma ili motokari ilale. Nia yao haikuwa kukimbia. Walipenda kwenda polepole katika njia pana za Los Angeles, watu wapate kuona rangi na ufundi wa mikono yao. Walikuwa wakidharauliwa na wengi, na motokari iliyopambwa ilikuwa namna yao ya kusema: Sisi nasi tupo. Hata leo nyingine zimepakwa picha nzuri sana ya Mama Maria wa Guadalupe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya California ilikataza motokari ambayo sehemu yake yoyote imeshuka chini kuliko ukingo wa chuma wa gurudumu. Basi kijana mmoja, jina lake Ron Aguirre, alitia katika Corvette yake pampu na vyombo vya kusukuma mafuta vilivyotoka katika ndege. Kwa njia hiyo aliweza kuishusha alipotaka, na kuiinua tena alipoona polisi waja. Sheria ile ilidumu zaidi ya miaka 60. Ilifutwa kwa sheria mpya iliyotiwa sahihi mwaka 2023, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2024.

Tuliposoma hayo tuliona jambo moja. Wale waliopenda motokari ya chini kuliko watu wote ndio waliohangaika kutafuta chombo cha kuiinua tena! Walijua ya kuwa si kila mahali ni uwanja wa maonyesho.

Wafaransa nao walilifikiri neno la urefu wa motokari, lakini kwa njia nyingine. Mwaka 1948 kiwanda cha Citroën kilionyesha mjini Paris motokari ndogo iitwayo 2CV. Ilifanywa kwa ajili ya watu wa mashamba, na watengenezaji waliambiwa ya kuwa yapasa ipite katika shamba lililolimwa, ikiwa na kikapu cha mayai, na yai lisivunjike hata moja. Kwa hiyo walizipa resori zake ulaini, na magurudumu yake nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 1955 kiwanda hicho hicho kilitoa motokari ya DS, ambayo haikukaa juu ya resori za chuma, bali juu ya mafuta na gesi. Ndani yake mlikuwa na kiwiko ambacho dereva alikisogeza ili kuiinua motokari njia ilipokuwa mbaya.

Ndipo tulipofahamu: urefu wa motokari ni jibu, na njia ndiyo swali. Anayebadili jibu bila kutazama swali hufanya kazi ya bure.

Resori hufanya kazi gani?

Ili mama na nyanya wapate kuelewa, tulimwomba kijana atueleze kazi ya kila chombo. Alieleza vizuri, nasi twaandika kwa kifupi.

Resori ni ule waya mnene wa chuma uliozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Wachukua uzito wa motokari, nao hujibana gurudumu likipanda jiwe, hujinyosha likiingia shimoni. Lakini resori peke yake ingedunda bila kukoma. Ndiyo maana kando yake kuna amortisa, ndiyo bomba lenye mafuta ndani, linalotuliza mdundo ule. Resori yabeba, amortisa yatuliza.

Kushusha motokari kwaleta faida ya kweli, na si haki kuificha. Katika motokari ndogo kama yetu, kitovu cha uzito kiko kama sentimeta 55 juu ya ardhi. Kikishuka sentimeta 4, mzigo unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona wapungua kama sehemu 7 katika 100. Kwa motokari ya mashindano, faida hiyo ni kubwa. Kwa motokari yenye watoto na magunia ya unga, iendayo kwa mwendo wa adabu, dereva hataitambua sana.

Sasa tutazame hasara. Resori yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukiikata mizunguko 2, zabaki 6, nayo yawa ngumu zaidi kwa theluthi moja. Motokari yashuka, na papo hapo yawa ngumu, nayo yapiga mgongo wa abiria. Fundi akiikata kwa moto, joto lile laharibu ugumu wa chuma karibu na mahali pa kukatia, na siku moja yaweza kuvunjika. Tena resori iliyokatwa yaweza kuwa fupi mno: gurudumu linapoingia katika shimo kubwa, resori yalegea na kutoka katika kikalio chake. Na iliyokatwa haiungwi tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Resori fupi za kiwanda ni afadhali, lakini nazo zina madai yake. Amortisa za zamani hazikufanywa kwa urefu huo. Zafanya kazi karibu na mwisho wake wa chini, na kuchakaa upesi. Magurudumu hayasimami tena kama kwanza, bali yainama, na mipira yake yaliwa upande wa ndani kama haikupangwa upya; mafundi huita kazi hiyo paralelisimu. Hata taa za mbele huenda zikapoteza shabaha yake. Na katika motokari nyingi ndogo, mkono wa chini unaoshika gurudumu waelekea juu motokari ikishushwa mno. Hapo yaweza kuinama kwenye kona kuliko zamani, ingawa iko chini! Kijana aliposoma neno hili katika kitabu chake cha shule, alilisoma mara ya pili kwa sauti.

Tulipima

Maneno ni mengi, lakini rula haina upendeleo. Jumamosi moja tuliiweka motokari mahali pa tambarare, ikiwa tupu, tukapima kutoka ardhini mpaka karteri, ndilo bakuli la mafuta chini ya injini. Tulipata sentimeta 15. Kisha tukaingia wote watano, nyanya akiwa mbele, na magunia mawili ya unga yakatiwa nyuma. Kijana alilala chini na rula yake, akasema: “Kumi na moja.”

Tukaenda kwa miguu kupima njia. Katika mtaa wetu kuna tuta la kuzuia mwendo, ambalo majirani walilijenga wenyewe baada ya mtoto kugongwa. Kimo chake ni sentimeta 9. Mbele kidogo lami yakoma, na udongo mwekundu waanza. Wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, maji hukata mifereji katika udongo huo, na katikati hubaki mgongo mgumu wenye mawe.

Basi tulikaa kivulini tukafanya hesabu. Leo, tukiwa na mzigo, twabaki na sentimeta 11 juu ya tuta la 9. Twapita, lakini nafasi ni vidole viwili tu. Tukishusha sentimeta 4, hata tukihesabu ya kuwa resori ngumu zaidi haibonyei sana, zitabaki 7 au 8. Tuta ni 9. Haikuhitajiwa elimu kubwa kujua karteri itagonga nini.

Jirani yetu mmoja, dereva wa teksi, alikuwa amekata resori za motokari yake. Siku moja karteri iligonga jiwe ikapasuka, mafuta yakamwagika, naye hakuona taa nyekundu iliyowaka mbele yake mpaka injini ikakwama. Miezi mitatu alikaa bila kazi. Alipotusimulia hakuwa na haja ya kuongeza neno. Watoto wake wasoma darasa moja na wetu.

Baraza la nyumba

Baada ya majuma matatu tulikaa tena. Hatukutaka baba aamue peke yake, kwani motokari si ya baba peke yake. Kila mtu alisema kwa zamu.

Mama alisema habari za magunia na za karteri. Watoto wadogo walisema wapenda motokari ya chini kwa sababu yafanana na zile za picha. Tukawashukuru kwa kusema kweli. Kisha nyanya akasema: “Wajukuu wangu, mimi sijui resori wala karteri. Najua magoti yangu. Kiti kikiwa chini, kukaa si kazi. Kazi ni kuinuka. Mkiishusha, mtanitoa ndani kama gunia.” Tulicheka wote, naye akacheka. Lakini neno lake lilikuwa zito, kwa maana hakuna aliyelikumbuka kabla yake.

Wa mwisho alikuwa kijana mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, akisugua rula mkononi. Akasema: “Baba, Mama, namba nimeziandika mimi. Siwezi kuzikataa. Lakini motokari yayumba kweli, na hilo nalo si uongo.”

Alikuwa na haki. Kwa hiyo hatukufunga baraza kwa kukataa tu. Tulimwuliza: “Wewe fundi, yayumba kwa sababu gani?” Akajibu kwamba angependa kuzitazama amortisa. Kesho yake aliiinua motokari, akakuta mbili za nyuma zavuja mafuta, na mipira ya viungo vya mbele imepasuka kwa uzee.

Hapo shauri lilipatikana. Fedha ile iliyokusudiwa kushusha motokari, yake na yetu, ilinunua amortisa nne mpya na mipira ya viungo. Alizifunga yeye mwenyewe, chini ya macho ya mwalimu wake, kisha tukapeleka magurudumu kupangwa. Amortisa mpya haziizuii motokari kuinama kabisa kwenye kona, lakini zazuia ule mtikisiko wa mtumbwi. Tulipokwenda Likasi mwezi uliofuata, kijana aliendesha, na nyanya akalala usingizi njia nzima. Hiyo ndiyo hati aliyopewa.

Na uzuri alioutaka? Hatukuusahau. Tulimpa ruhusa kuipiga rangi motokari mahali ilipokuwa imechubuka, na kuing’arisha kwa ajili ya ndoa ya binamu yake. Siku ile ilifuata motokari ya bwana na bibi arusi, safi kama sahani mpya, ikavuka tuta la mtaa wetu bila kugusa.

Shauri kwa wenye nia hiyo

Hatusemi ya kuwa kushusha motokari ni dhambi, wala ya kuwa kila anayeshusha ni mjinga. Mwenye motokari ya pili ya kujifurahisha, akaaye penye lami tupu, ana hesabu nyingine kuliko yetu. Kwake twasema maneno machache tu.

Usikubali resori zikatwe, wala kwa moto wala kwa msumeno. Nunua zilizofanywa kwa motokari ya namna yako, pamoja na amortisa zinazopatana nazo. Shusha kidogo. Baada ya kazi, magurudumu yapangwe na taa zielekezwe upya. Na kama motokari yachukua abiria kwa malipo, iache ilivyo, kwa maana wale waingiao hawakuulizwa.

Bali kabla ya hayo yote, fanya mambo mawili ambayo hayana gharama. Kwanza tazama kama hakuna kitu kilichochakaa, kwani mara nyingi twataka kubadili kile ambacho kingehitaji kutengenezwa tu. Pili, chukua rula, uwaingize jamaa yako yote ndani pamoja na mizigo yao ya kila siku, ukapime. Usipime motokari tupu, maana motokari tupu si yako: ni ya muuzaji. Yako ni ile iliyojaa.

Nanyi wazazi, mwana wenu akileta ombi mnaloliona la ajabu, msiharakishe kulikataa. Mpeni rula mkononi. Kijana aliyepima mwenyewe hahitaji kulazimishwa kukubali hesabu, na nyumba yenu itakuwa imepata fundi.